Gogo la Mgomba

18 Novemba 1952
Daftari hili ni zawadi. Nimewashinda wavulana wote wa darasa la nne kwa kusoma kwa sauti, na Mwalimu Donatus ameniambia niandike kila siku, kwa Kiswahili safi, mpaka mvua za mwaka huu ziishe. "Nyamizi," akasema, "mdomo wako unatangulia akili. Labda mkono utakupunguza mwendo." Darasa zima likacheka. Daftari nimelipokea, hayo mengine nimemwachia mwenyewe.

Tunakaa kambi ya mgodi, nyumba ya saba. Baba yangu, Masele, ni fundi wa magogo: hushuka shimoni kusimamisha magogo yanayozuia mwamba usianguke. Mama yangu, Klara, analima nyuma ya nyumba na kugombana na mbuzi wa jirani. Nyumba ya nane anakaa rafiki yangu Mwanaima. Yeye ana miaka kumi na mmoja, mimi kumi na miwili, kwa hiyo mimi ndiye mkubwa. Baba yake, Mhando, ni nyapara wa zamu ya mchana.

Wao ni Wazigua wa Saadani, huko pwani, na sisi ni Wasukuma, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda baharini. Baba akimwona Mhando huziba pua. "Leo mmekula pweza tena?" Mhando hujibu, "Nenda zako, mla michembe." Michembe ni viazi vyetu vya kukausha, na Mhando anaila kuliko sisi wenyewe. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

19 Novemba
Mvua. Mbuzi amekula maharage ya mama. Mama amemkimbiza mpaka kanisani.

20 Novemba
Honi imelia saa nne asubuhi. Honi ya mgodi ina saa zake, na ikilia katikati ya zamu wanawake wote wa kambi hutoka nje wakasimama tu, mikono kichwani, hata kabla hawajajua ni nani. Mwalimu Donatus aliweka chaki chini akatuambia tukae. Hatukukaa.

Ni Mhando. Mwamba umemwangukia.

Baba alitoka shimoni saa tisa, tope mpaka kwenye kope. Alivua shati lake la kahawia, lile la mfuko mmoja, akanipa. "Ng'wanone, fua." Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma, na huniita hivyo akiwa na homa au akiwa na huruma. Nimelifua mara tatu. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu nikadhani ni udongo wa shimoni. Haukuwa udongo.

21 Novemba
Wamemzika asubuhi. Wanawake na watoto hatukwenda makaburini, ndivyo wafanyavyo Waislamu, na maiti hatukuonyeshwa. Mwanaima aliomba kumwona baba yake. Wakamwambia ameshavikwa sanda. Akaomba tena. Mwanamume mmoja akamwambia, "Hatazamiki, mwanangu," kisha akageuka upesi kana kwamba ametukana. Tulichoona ni jeneza likitoka mlangoni, basi.

Hapo baba yangu akanitia aibu. Alilala chali njiani, ndani ya tope, mbele ya jeneza. "Mzigua huyu hapiti! Ameila michembe yangu miaka sita, leo aondoke bila kuaga? Nileteeni kuku!" Watu walicheka na machozi yakawatoka. Hata Mama Mwanaima nilimsikia ndani akicheka, kicheko kikakatika katikati. Wakamletea baba kuku. Akainuka, akaingiza bega chini ya jeneza upande wa mbele, akaenda nalo.

Nilimchukia. Mama akanifinya mkono. "Ile ni kazi, Nyamizi. Mtani asipoifanya, watu watapasuka vifua."

23 Novemba
Leo ilikuwa hitima. Mwanaima amekaa siku tatu pembeni ya mlango bila kulia, bila kula, hata uji. Shangazi wa kambi nzima wamembembeleza mpaka wamechoka. Mimi nikakumbuka kazi ya mtani. Nikasema, kama baba anaweza, mimi nashindwa nini?

Nikakaa karibu naye nikamwambia, "Nyie Wazigua waongo sana. Mnatulisha pilau ya msiba na mtu hajafa. Baba yako amechoka na shimo, ametoroka kwenda baharini kula pweza. Kwenye sanda mmezika gogo la mgomba."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Alinitazama muda mrefu, halafu akauliza, "Gogo la mgomba?"

"Refu kama yeye," nikasema.

Akavuta sahani ya pilau akala yote.

24 Novemba
Mama ameambiwa na wanawake wote kisimani kwamba binti yake amemponya mtoto wa watu. Amenichinjia yule kuku wa baba. Nimepewa paja.

27 Novemba
Sina raha na naandika ili nijue kwa nini.

Huku kwetu watu husema wachawi wanaweza kumchukua mtu akiwa hai, wakaacha gogo la mgomba mahali pake, na macho ya wafiwa yakaona maiti. Padri anakataza kusema hivyo. Watu wanasema hivyo hivyo. Mimi nililichukua gogo lile huko huko kwenye maneno ya watu, bila kufikiri. Leo Mwanaima amenivuta nyuma ya choo akaniambia, "Nimesikia kina mama wakisema mambo ya magogo. Kwa hiyo hukutania."

"Nilitania," nikasema.

Akatabasamu. "Ndiyo, sema hivyo hivyo. Wasije wakajua kwamba tunajua."

30 Novemba
Mama Mwanaima, jina lake Mwamvua, amekaa eda. Mjane wao hukaa ndani miezi minne na siku kumi, miezi ya kuandama, nguo nyeupe, bila manukato, wala haongei na wanaume wasio ndugu. Itaisha mwishoni mwa Machi. Mkubwa wa mgodi amekubali wakae nyumba ya nane mpaka hapo, halafu anaingia nyapara mpya na wao watapanda treni kurudi Saadani.

Mwanaima haruhusiwi kwenda mbali kwa sababu ndiye anayemtumikia mama yake: maji, kuni, kwenda dukani. Chumba kimoja, dirisha moja, na dirisha limefungwa pazia. Nikiingia naona joto na kiza na mama yule amekaa kwenye mkeka akihesabu tasbihi. Nikitoka navuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

7 Desemba
Mvua. Barabara ya Mwanza imekatika. Hakuna barua, hakuna sukari.

8 Desemba
Mvua.

12 Desemba
Mhando aliacha makubadhi yake, viatu vya ngozi vya pwani, kwa sababu shimoni huvaa buti. Kila Ijumaa Mwanaima anavitoa chini ya kitanda, anavipaka mafuta ya nazi kidole kwa kidole, anavianika barazani. "Ametoka na buti zile nzito," ananiambia. "Miguu itakuwa imemuuma." Mama yake anamtazama kwa mlango ulio wazi nusu, anadhani ni mapenzi ya mtoto kwa marehemu, anajifuta macho.

Nilisema, "Mwanaima, sikiliza, nilikuwa nafanya utani." Nimesema kwa sauti, kwa Kiswahili safi. Akacheka. Ndicho kicheko nilichokitaka siku ile na sasa nimekipata na sikitaki.

25 Desemba
Noeli. Tumekula wali. Nimeungama kwa padri kwamba nimesema uongo. Akaniuliza uongo gani, nikasema mdogo. Sasa nina uongo wa pili.

3 Januari 1953
Kila jioni baba hupeleka kuni nyumba ya nane. Huziweka mlangoni, hurudi nyuma hatua kadhaa, halafu huupigia ukuta kelele, "Enyi Wazigua! Bado mmejificha? Deni la michembe mtalikwepa mpaka lini?" Ndani hakuna jibu, kwa sababu mama yule yuko edani. Baba husubiri kidogo, huondoka. Kila siku maneno yale yale. Zamani niliona ni mtu wa mzaha tu. Leo nimemtazama alipogeuka kurudi. Uso wake haukuwa na mzaha wowote.

10 Januari
Mvulana mmoja wa darasa la tano amesema shuleni kwamba magogo yaliyovunjika juu ya Mhando yalisimamishwa na baba yangu. Nimempiga. Mwalimu Donatus amenichapa viboko vinne. Sikumwambia sababu.

11 Januari
Sijamuuliza baba. Amechonga kabari za kukazia magogo siku nzima barazani, ndogo ndogo, nyingi kuliko wanazozihitaji shimoni.

17 Januari
Nimehesabu. Zimebaki wiki kumi. Mwanaima atashuka Saadani, atakimbia ufukweni kumtafuta baba yake, ataulizia kila nyumba, na mimi nitakuwa huku nakula michembe. Nikimwambia kweli, atanichukia. Nisipomwambia, atajua huko peke yake, na atanichukia bila mimi kuwepo. Nimefungwa mle chumbani kama wao, tofauti ni kwamba mlango wangu hauna siku ya kufunguliwa.

24 Januari
Mwanaima ana wazo jipya. Anasema barabara ya Mwanza imekatika tangu mvua zianze, treni haifikiki, kwa hiyo baba yake hajafika baharini. Atakuwa Nungwe, ziwani, anangoja meli. Mhando alikuwa akienda Nungwe siku za mapumziko kuangalia maji tu. Alimwambia Mwanaima, "Hii nayo ni bahari, ilipotea njia."

Mwanaima aliiacha pwani akiwa na miaka mitano. Anakumbuka kitu kimoja: baba yake alichovya kidole kwenye maji akamwekea ulimini, yakamuunguza, akalia, baba akacheka. Hicho tu. Anasema akionja atajua.

"Jumamosi lori la mapipa linakwenda," akasema. "Usipokuja nakwenda peke yangu."

1 Februari
Naandika ya jana.

Dereva wa lori ni Januari, rafiki wa baba. Nilimwambia kwamba baba amenituma samaki, na Mwanaima atanisaidia kubeba. Uongo wa tatu. Alituambia tupande juu ya mapipa matupu, na saa nane kamili tuwe bandarini, la sivyo anatuacha. Mwanaima alikuwa ameyafunga makubadhi kwa kamba, ameyavaa shingoni, ameyafunika kwa kanga. Mama yake alidhani yuko kwetu anatwanga.

Njia nzima nilijiambia: tukifika, ataona hayupo, hapo hapo nitamwambia. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Ziwa lilipotokea nikayasahau. Sijawahi kuona kitu kisicho na upande wa pili. Nyanza, sisi tunaita. Mwanaima alisimama juu ya mapipa akapiga kelele, na Januari akapiga honi kumkemea.

Bandarini meli haikuwepo, iliondoka Alhamisi. Mwanaima alimuuliza mama mmoja muuza dagaa kama amemwona mwanamume mrefu, Mzigua, ana buti za mgodi. Mama yule alikuwa na wateja wake. "Warefu wanapita kila siku, mayu," akasema, yaani mama, kwa Kisukuma. "Wengine wanakaa kule mbele kwa wavuvi." Akaonyesha kwa kidevu. Basi. Kidevu cha muuza dagaa kikamaliza kila nilichopanga.

Tulifuata ufuko mpaka mchanga ukaisha yakaanza mafunjo, marefu kuliko mtu, yamesongamana. Kambi ya wavuvi ilionekana upande wa pili wa ghuba. Mwanaima alisema tupite juu ya mafunjo, yanabeba. Kweli yalibeba. Mizizi yake imefumana kama mkeka mnene, ukikanyaga inazama kidogo halafu inakuinua. Tulikwenda mpaka ukingoni mwa maji meusi. Upepo ulikuwa umeanza na mawingu yamejaa upande wa nchi kavu.

Mwanaima alipiga magoti, akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Akanywa kiganja kizima.

"Hayana chumvi," akasema.

Nikangoja alie. Akasimama, akajifuta mdomo. "Basi siyo hapa. Amekwenda mbali zaidi. Nimekuchosha bure, twende, tutamkuta Saadani."

Tulipogeuka njia haikuwepo. Kati yetu na ufuko palikuwa na maji, kwanza upana wa kitanda, halafu wa nyumba. Kipande chetu kilikuwa kimekatika. Baadaye wavuvi walituambia visiwa hivyo hutembea, upepo ukivuma vinang'oka na nyoka na ndege wake, vinazunguka ziwa. Sisi hatukujua. Mimi ni mtoto wa ng'ombe na viazi na Mwanaima ni mtoto wa pwani aliyeilea kichwani tu. Hakuna anayejua kuogelea. Tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Mvua ikaja ikafuta ufuko wote, tukabaki sisi na mafunjo na weupe.

Tulikaa tumeshikana, maji yanatupanda kiunoni kila tukisogea, kwa hiyo hatukusogea. Sijui ni muda gani. Mwanaima akasema kwa utulivu kabisa, "Usiogope. Baba akisikia tumepotea majini atakuja. Yeye anayajua maji."

Hapo nikashindwa. Ningekufa naye akiwa anamngoja.

"Haji," nikasema. "Mwanaima, haji. Amekufa. Hakuna gogo. Gogo nililitunga mimi, nilitaka ucheke."

"Unatania."

"Baba yangu ndiye aliyemtoa. Alichimba kwa mikono. Alipotoka alinipa shati lake nifue. Nimejua tangu siku ile ya kwanza. Nimelifua mara tatu."

Mvua tu.

"Shati gani?"

"La kahawia. La mfuko mmoja."

Analijua lile shati. Baba hulivaa kila siku ya kazi, na tangu siku ile hajalivaa tena, na Mwanaima, anayehesabu kila kitu, alikuwa ameliona hilo pia. Nilihisi mwili wake ukilegea mikononi mwangu. Halafu akanipiga. Alinipiga kifuani, usoni, kila alipofika, na mkeka ule ukawa unazama nasi na kuinuka, nami sikuzuia. Alipochoka alifungua kinywa akalia. Siku sabini na mbili hakulia, akazilia zote pale. Alimwita kwa jina, "Mhando," kama wanavyomwita watu wazima. Alikumbatia makubadhi yale mvua ikiyapiga. Nilijaribu kumshika akanisukuma, na hakukuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo alinigeuzia mgongo tu, tukakaa hivyo, mgongo wake umenigusa kwa sababu nafasi haikutosha.

Mvua ilipopungua mvuvi mmoja, Bujiku, aliona kanga nyekundu ndani ya mafunjo akadhani ni ndege mkubwa. Alitupakia kwenye mtumbwi wake, miguu yetu juu ya samaki wake. Aliuliza maswali njia nzima. Mimi, mwenye mdomo wangu, nilihesabu samaki.

Januari hakutuacha. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya lori, amejishika kichwa.

2 Februari
Kumbe juzi ile Mama Mwanaima alitoka nje. Aliposikia mwanawe hayupo alisimama kizingitini, wanawake wakamwambia eda, eda. Akavuka. Alikwenda na nguo zake nyeupe mpaka barabara kuu, ndani ya mvua, akasimama hapo mpaka lori lilipokuja. Sasa wako wanaosema eda imeharibika aanze kuhesabu upya. Mwalimu wa Kurani amekuja leo akawaambia mama aliyemfuata mtoto hana kosa, wakafunge midomo. Namshukuru mzee yule, na mimi si wa dini yake.

3 Februari
Baba hakunipiga. Heri angenipiga. Aliniita barazani kwenye kabari zake nikamweleza yote, tangu pilau.

Aliweka kabari chini. Kisha akasema, "Umeniona mimi nalala tope, ukadhani utani ni kusema lolote lichekeshalo. Mimi nilimtania Mhando jeneza likiwa mbele ya watu wote. Kila mtu analiona. Mtani anacheka na maiti ipo pale pale, ndiyo kazi yenyewe. Wewe uliificha maiti."

Nikauliza lile ambalo sikuwa nimeuliza. "Magogo yalikuwa yako?"

"Yangu."

"Yalikuwa mabovu?"

"Wakubwa wamekagua, wamesema hapana. Nami naamini niliyasimamisha vizuri." Akachukua kabari akaigeuza geuza. "Lakini kila nikifunga macho nayasimamisha upya, ng'wanone. Kila siku. Moja moja." Halafu akalia, baba yangu, mchana, barazani, watu wanapita. Nami nilikuwa nimemchukia kwa kucheka.

5 Februari
Mwanaima amepita mlangoni hakunitazama.

9 Februari
Hakunitazama.

14 Februari
Mvua. Niliacha maji mlangoni kwao. Aliyamwaga, akaenda kisimani mwenyewe.

20 Februari
Nimeacha maji tena. Mama yake alisema kitu kwa ndani. Ndoo imeingizwa.

21 Februari mpaka 8 Machi
Maji, kila siku. Sina la kuandika. Ijumaa zote nachungulia kama anapaka makubadhi mafuta. Hapaki. Sijui yako wapi.

15 Machi
Mvua zinapungua. Mwalimu Donatus amesoma daftari hili. Nilidhani atasahihisha. Amelirudisha bila alama yoyote ya wino mwekundu, akaniambia tu, "Endelea mpaka mwisho."

27 Machi
Eda imeisha. Wanawake walimwogesha Mama Mwanaima tangu alfajiri, wakampa kanga mpya, akatoka nje akaziba macho kwa mwanga. Amekonda. Akasema anakwenda kwanza kaburini, na Mwanaima afuatane naye. Kambi nzima ikafuata kwa mbali, sisi pia.

Kwenye njia ya makaburini, pale pale pa siku ile, baba alikuwa amelala chali. Tope lilikuwa limekauka sasa. "Mzigua hapiti!" akasema.

Mama Mwanaima alisimama juu yake. Miezi minne alikuwa akisikia kelele zake ukutani bila ruhusa ya kujibu. "Ondoka njiani, mla michembe," akasema. "Nimechoka kukusikiliza. Nilikuwa ndani, si kwamba ni kiziwi." Akafunua kanga. Chini ya kwapa alikuwa na kuku. "Shika. Nilijua utakuwepo."

Baba alimpokea yule kuku akamkumbatia akalia mpaka kuku akapiga kelele, na watu wakacheka, na safari hii nami nilicheka, nikaelewa kifua kinavyofunguka.

Mwanaima aliinama kaburini, akaweka kiganja kwenye udongo, akakiacha hapo. Hakuuliza kitu. Mimi nilisimama kwa mbali nyuma ya watu, machozi na kamasi vikinitoka ovyo. Alipoinuka alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yangu. Siku hamsini na tano hakuwa amesema nami.

"Na wewe unalia nini?" akasema. "Wasukuma bwana. Mpaka misiba ya watu mnataka iwe yenu."

Amenitukana! Amenitukana mbele ya watu wote. Nilifurahi nikashindwa kujibu, nikashindwa kabisa, mimi.

28 Machi
Wameondoka kwa lori la Januari, barabara ya Mwanza imefunguliwa. Mkeka, sanduku moja, birika. Juu ya sanduku yalikuwa makubadhi, kumbe aliyatunza.

Nikafanya kazi ya mtani. Nilinyakua kubadhi moja, la kushoto, nikakimbia nalo nyuma ya lori. "Haliondoki lori hili mpaka nipewe kuku!" Watu wakacheka, mama yake akaanza kutafuta cha kunikomboa nacho.

Mwanaima hakucheka. Aliniangalia kwa juu ya bodi ya lori, vile vile alivyonitazama siku ya pilau, na nikaogopa nimekosea tena.

"Mama, acha," akasema. Kisha kwangu: "Kaa nalo. Moja halimfai mtu. Utaniletea mwenyewe, Saadani. Njoo uyaonje maji, uache kusimulia usiyoyajua."

Januari akatia gia. Nikabaki na kiatu mkononi, na sikumkumbuka kuku tena.

29 Machi
Hakuna mvua. Nyapara mpya ameingia nyumba ya nane. Dirisha limefunguliwa.

3 Aprili
Leo kwetu ni Ijumaa Kuu, kwao ni Ijumaa tu. Mafuta ya nazi hatuna. Nimemwomba mama samli kidogo, hakuuliza ya nini. Nimelipaka kubadhi la Mhando kidole kwa kidole, nimelianika barazani, nami nimekaa kando yake kulilinda na mbuzi.